Siku Sita Amu: Safari ya Kuwafuata Watu wa Mui

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 nilikuwa karani wa sensa katika mtaa mmoja wa Malindi, nikiwa nimeshika kishikwambi mkononi. Mzee mmoja alinijibu maswali yote bila taabu mpaka tulipofika kwenye kabila. Akanyamaza, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, babangu ni Mbajuni, mamangu ni Mshihiri, na mama yake babangu alikuwa Mpokomo. Utaniandika nini?" Nilimwandika Mbajuni, kwa kuwa nafasi ilikuwa moja, na nilipotoka pale nikamkumbuka marehemu bibi yangu, aliyekuwa akihesabu samaki kwa kusema "modha, mbili, chachu" nasi wajukuu tukimcheka. Bibi alifika Malindi miaka ya 1960 kutoka upande wa Lamu, wakati wa vita vya shifta, yaani waasi waliotaka kaskazini-mashariki ijitenge na Kenya. Aliacha nyuma watu ambao sisi hatukupata kuwajua.

Safari hii ya kwenda Amu, kama wenyeji wauitavyo mji wa Lamu, kuwatafuta watu wa bibi, niliiahirisha kwa zaidi ya miaka mitano. Niliyoyaandika hapa nimeyakusanya kutoka katika daftari na picha za simu baada ya kurudi nyumbani.

Siku ya kwanza, Jumatatu 3 Februari 2025: Malindi hadi Amu

Basi lilitakiwa kuondoka saa mbili asubuhi, lakini lilifika saa nne na dakika ishirini, na hakuna aliyetueleza sababu. Nauli ilikuwa shilingi 1,000. Kutoka Malindi hadi gati la Mokowe ni takriban kilomita 220, na njia ya Garsen, Witu na Hindi, ambayo wazee wetu waliisafiri siku nzima katika matope, sasa ni lami. Kinachochelewesha ni vizuizi vya usalama, ambapo abiria hushuka, hupanga mstari, huonyesha kitambulisho na kupanda tena. Yeyote anayekusudia kwenda na abebe kitambulisho halisi wala asitegemee picha ya simu, maana kijana mmoja wa gari letu alizuiliwa karibu nusu saa kwa sababu hiyo.

Mpaka Garsen nililala. Niliamka tulipovuka mto Tana, nikaona upande mmoja migomba na maembe ya Wapokomo, ambao ni wakulima wa kingo za mto, na upande wa pili ng'ombe wa Waorma wakitembea kwa mstari mrefu kwenye vumbi.

Witu tulisimama dakika ishirini. Mwanamke wa Kiorma, shingoni akiwa na shanga nyingi, alikuwa akiuza maziwa ya mgando kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Kikombe shilingi 50. Aliyemshikia chenji alikuwa Mgiriama muuza mihogo, na dereva wa bodaboda aliyekuja kununua alijitambulisha kwangu kuwa ni Msanye. Nilimuuliza kwa nini mji mdogo kiasi hiki una watu wa namna nyingi. Akajibu kwamba Witu tangu zamani ni mji wa waliokimbilia. Jibu lake linaafikiana na historia: Ahmad Fumo Luti, aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Nabahani waliotawala kisiwa cha Pate, aliufanya Witu makao yake katika karne ya 19, na mji wake ukawapokea watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, ambao ndio walioitwa watoro. Wajerumani waliutangazia ulinzi wao mwaka 1885, na Waingereza wakauchoma moto mwaka 1890. Baadhi ya wajukuu wa watu hao bado wanalima pale pale.

Mokowe tulifika saa kumi na nusu. Mashua ya abiria ilinitoza shilingi 150. Kwa mara ya kwanza nikauona Amu kutoka baharini: nyumba nyeupe zimebanana ufukoni, na punda wamesimama kwenye kingo za gati kama watu wanaongoja wageni wao. Bi mmoja niliyeketi naye katika mashua alinishika mkono nilipokuwa nikishuka, akambebesha mwanawe mkoba wangu hadi kwenye nyumba ya wageni ya Langoni, na alipoletewa shilingi 100 alizirudisha. Chumba kilikuwa shilingi 1,500 kwa usiku, maji na feni vimo.

Siku ya pili, Jumanne 4 Februari: Mkomani na Mkunguni

Asubuhi nilikula mahamri kwa mbaazi za nazi, shilingi 80, kisha nikafuata Usita wa Mui (mui ni mji kwa Kiamu, lahaja ya hapa), njia kuu inayopita katikati ya mji sambamba na pwani. Ni njia ya kutembea kwa miguu, na mgeni hana budi kujifunza mapema kwamba anaposikia sauti ya "Punda! Punda!" nyuma yake, wajibu wake ni kuegemea ukuta. Mzigo wa punda wa kwanza niliyempisha ulikuwa mawe meupe ya matumbawe yaliyochongwa vizuri, nami nilitaka kujua yanatoka wapi. Nitayarudia.

Mji mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni wengi huja kutazama milango ya nakshi. Mimi nilitazama madaka, yaani zile baraza mbili za mawe zinazokabiliana mlangoni pa kila nyumba ya kale, kwa kuwa ndipo wazee huketi. Katika daka moja la Mkomani nilimkuta mzee mwenye kofia ya vito na fimbo miguuni. Nilimwamkia shikamoo, naye aliponiitikia akasema, "Ndoo, keti," yaani njoo uketi.

Nilimweleza nilikotoka na habari ya sensa. Hakunijibu mara moja; aliagiza kahawa tungu, akasubiri nimalize kikombe cha kwanza. Kisha akaniambia kwamba katika ujana wake hakuna mtu wa Amu aliyeulizwa kabila na mtu wa Amu mwenzake. Aliulizwa ni wa mtaa gani, na nyumba yao ni ya nani. Mkomani, upande wa kaskazini, ulikuwa wa waungwana, na koo zao zina majina yao, kama vile Kinamte na Wafamau. Langoni, upande wa kusini, ndiko walikoshukia wageni: Washihiri wa Hadhramaut waliokuja na biashara ndogo ndogo, watu wa Ngazija, Wabajuni wa visiwa vya kaskazini, na watu waliotoka utumwani. Kujenga kwa mawe kulikuwa heshima ya waungwana, na wa Langoni walikaa katika nyumba za udongo na makuti.

"Na sasa?" nilimuuliza.

"Sasa nyumba hii iliyo nyuma yangu mwenyewe ni Mzungu, na ile pale amepanga Mkikuyu. Lakini mui ni ule ule. Waliokuya, wakaketi, wakaoa, wakazika, hao ni wetu."

Neno lake la "wakazika" nililiandika na kulipigia mstari. Nililisikia tena kwa watu wengine watatu kabla ya safari kwisha, kila mmoja kwa njia yake.

Ningesema uongo nikiandika kwamba maelezo yake yalikuwa matamu yote. Nilipomuuliza kuhusu watu waliotoka utumwani alisema mara moja kwamba habari hizo hazisemwi, kwa kuwa kumtajia mtu asili hiyo ni kumvunjia heshima. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, maana yake wapo waliozaliwa na watoto wa watu wale. Wanaishi, wanaoa na wanaswalisha. Lakini katika nasaba zinazosomwa kwa sauti, upande huo haumo. Namheshimu mzee yule na kahawa yake, hata hivyo naamini kimya hicho ni hasara yetu sote. Bibi wa mtu hafi mara moja, hufa tena kila asipotajwa.

Alasiri nilikaa Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome iliyojengwa kati ya miaka 1813 na 1821, baada ya watu wa Lamu kuwashinda watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela na kumwita sultani wa Oman awalinde. Soko liko ubavuni mwa ngome. Muuza nyanya alikuwa mama Mmeru aliyefika mwaka 1998, na alikuwa akimkatalia bei mteja kwa Kiamu kilichonyooka kuliko Kiswahili changu: aliita macho "mato" na jua "yua". Nilimuuliza kama watu humwita Mwamu. Akacheka, akasema mwenyewe hajiiti hivyo, lakini mwanawe wa mwisho hajui jina lingine.

Ushauri kwa wanaofuata: usimuulize mtu wa hapa "Wewe ni kabila gani?" Muulize "Kwenu ni wapi?" au "Mui wenu ni upi?" na uwe tayari kusikiliza kwa muda.

Siku ya tatu, Jumatano 5 Februari: Riyadha, Shela na Maweni

Mapema nilikwenda msikiti wa Riyadha, Langoni. Mwanzilishi wake, Habib Saleh, alikuwa sharifu wa ukoo wa Jamalil-Layl aliyetoka visiwa vya Ngazija, ambao asili yake ni Hadhramaut. Alikaa Langoni, akawasomesha watu ambao hawakukaribishwa katika darsa za wakubwa, wakiwemo watumwa na wageni maskini. Wakati wa Maulidi mji hupokea watu kutoka pwani nzima, na nyumba ambazo zamani hazikupeana chakula hulisha wageni wale wale. Mwanamke aliyenionyesha njia alinitajia jambo hilo kwa fahari, naye kwao ni Kizingitini, kisiwani Pate.

Shela ni mwendo wa dakika arobaini ufukoni, au boti kwa shilingi 200 ukiwa na wenzako. Watu wa Shela husimulia kwamba wazee wao walitoka kisiwa cha Manda, na wakati wa kuomba mvua huvuka kwenda magofu ya Takwa, ambako kuna kaburi la mnara lenye tarehe inayolingana na mwaka 1682 au 1683. Leo nyumba nyingi za Shela ni mali ya Wazungu waliozikarabati, na kijana mmoja anayetunza nyumba ya namna hiyo alinionyesha dirisha la chumba alimozaliwa mama yake, ambacho sasa hukikodisha kwa wageni kwa niaba ya tajiri wake. Hakulalamika. Mshahara huo ndio unaomsomesha mdogo wake. Mimi nilishindwa kuliangalia dirisha lile kwa muda mrefu.

Kuhusu yale mawe niliyoyaona mgongoni mwa punda, nilipelekwa na mashua hadi Maweni, upande wa Manda, kwa shilingi 300. Hapo nilisikia Kijaluo kikizungumzwa huku na huku, kanisa la mabati likiwa juu ya mwamba, na mwanamume mmoja akipasua tumbawe kwa sururu, kisha akilipiga pembe nne kwa shoka dogo mpaka likawa tofali. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa vumbi hadi kwenye viwiko. Baba yake alikuja kutoka Nyanza, kando ya ziwa Victoria, kukata mawe, naye amezaliwa papo hapo. Hivyo kuta za Mkomani zinazokarabatiwa leo, zile ambazo zilikuwa alama ya uungwana, mawe yake hukatwa na wana wa ziwani. Alinipa maji ya kunywa, ingawa Maweni maji huletwa kwa madumu, na hakutaka kitu.

Siku ya nne, Alhamisi 6 Februari: Faza

Mashua za kwenda kisiwa cha Pate hufuata maji. Njia yake ni mlango mwembamba wa Mkanda, katikati ya mikoko, na usipokuwa na maji ya kutosha chombo hukwama katika tope. Ilikuwa siku za maji mafu, basi nahodha alisubiri hadi saa nne na nusu. Nauli shilingi 500. Beba maji, kofia na mfuko wa nailoni wa kufungia simu, maana mawimbi nje ya Manda hayachagui mtu.

Faza ni mji wa Wabajuni, ambao wengine huwaita Watikuu. Ndipo nilipokuwa nikielekea muda wote. Zinatajwa humo koo zenye asili ya Kisomali, koo zinazosema zilitoka Uarabuni, na koo ambazo hazikumbuki kuwahi kutoka mahali pengine popote, na zote husema Kitikuu. Makaburi ya kale ya Faza yamo pia katika utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, ambao mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba alishiriki. Watafiti walichunguza mabaki ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara, ikiwemo Manda, Faza na Mtwapa, na kwa upande wa Tanzania Kilwa na Songo Mnara. Waligundua kwamba mchanganyiko wa Waafrika na watu wa Asia ulikwishaanza yapata mwaka 1000, kwamba upande wa Kiafrika ulitoka zaidi kwa wanawake, na upande wa Asia ulitoka kwa wanaume ambao wengi wao walikuwa wa Uajemi. Athari ya Uarabuni iliongezeka baadaye, baada ya karibu mwaka 1500. Nilipousoma nilishangaa kuona kwamba wazee wetu waliosimulia habari za Washirazi hawakuwa wakibuni tu. Nilishangaa zaidi kuona kwamba majina yaliyobaki katika nasaba ni ya wanaume waliofika kwa jahazi, hali wanawake waliokuwa wenyeji wa nchi, waliowazalia na kuwafundisha watoto lugha, hawana majina.

Jioni nilishuka diko la samaki. Mvulana wa miaka kama minane alikuwa akiwatoa changu ndani ya dau, akiwapanga juu ya mchanga kwa mafungu, mkia wa mmoja juu ya kichwa cha mwenzake. Alihesabu kwa sauti: "Modha, mbili, chachu." Nilisimama pale pale. Mama mmoja aliponiona nalia aliniuliza nina nini, nikamwambia jina la bibi yangu na ukoo wake. Alinichukua hadi nyumbani, akaita mwanamke mzee kutoka nyumba ya jirani. Yule bibi alinishika uso kwa mikono miwili, akasema kwamba ukoo huo haukuwa wa Faza, ulikuwa wa bara, ng'ambo, upande wa Kiunga, katika kijiji ambacho watu walikihama wakati wa shifta na wengi hawakurudi. Baadhi walikwenda Amu, baadhi Malindi, wengine Mombasa. Usiku huo nililala kwao juu ya mkeka, tukala mkate wa mofa na samaki wa kupaka. Nilipotaka kuchangia chakula niliulizwa kama nyumbani kwetu Malindi ndivyo tunavyofanya.

Siku ya tano, Ijumaa 7 Februari: kungoja maji

Mashua ya asubuhi haikuondoka. Tuliketi gatini tangu saa tatu hadi adhuhuri, kisha swala ya Ijumaa, kisha tukaondoka saa nane na kuingia Mkanda maji yakiwa yanashuka, tukakwama mara mbili. Wanaume walishuka kusukuma. Amu nilifika magharibi nimechoka, na sina la kuongeza.

Siku ya sita, Jumamosi 8 Februari: Mpeketoni na kurudi

Sikutaka kupita Mpeketoni bila kushuka, ingawa njia yake inatoka kidogo nje ya barabara kuu. Miaka ya 1970 serikali iligawa mashamba hapo, kando ya ziwa Kenyatta, na waliopewa wengi walikuwa Wakikuyu, pamoja na watu wa makabila mengine ya bara. Wenyeji wengi hadi leo wanahesabu kwamba ardhi ilipita mbele ya macho yao bila wao kupata hati. Mnamo Juni 2014 mji ulivamiwa usiku, watu zaidi ya 60 wakauawa katika mashambulizi ya siku hizo. Mambo haya mawili nayaweka pamoja kwa sababu ukiwa Amu utasimuliwa la kwanza, na ukiwa Mpeketoni utasimuliwa la pili, nami niliona maumivu ya kweli pande zote mbili. Idadi ya watu wa kaunti ilipanda kutoka 101,539 mwaka 2009 hadi 143,920 mwaka 2019, na gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021, hivyo wanaofika bado wanaongezeka.

Nilikunywa chai na kula chapati mbili, shilingi 70, kisha nikapata matatu ya kuniunganisha na basi la Malindi. Karibu nami aliketi mama wa makamo mwenye kapu la maembe. Kwenye kizuizi cha kwanza afisa kijana alitazama kitambulisho chake, akasoma jina la Kikikuyu, akamuuliza, "Mama, kwenu ni wapi?"

"Mpeketoni."

"Kwenu hasa, mama."

"Hasa ni Mpeketoni. Mume wangu nimemzika hapo."

Afisa akamrudishia kitambulisho. Mama akarudi kitini, akachagua embe moja katika kapu, akalimenya kwa kisu kidogo na kunipa nusu. Malindi tuliingia saa kumi na moja na robo. Safari nzima ilinigharimu shilingi 12,400, pamoja na mkeka niliomnunulia mama yangu. Yeye alichotaka kujua kwanza ni jina la kile kijiji cha ng'ambo. Nilimwandikia kwenye karatasi, akaikunja na kuitia ndani ya msahafu wa bibi.